Figo la Mwalimu Mkuu

Simu ililia kila jioni saa kumi na mbili na nusu, na katika nyumba ile hakuna aliyejidanganya kwamba anayejuliwa hali ni mgonjwa. Kilichojuliwa hali kilikuwa figo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Limetoa ngapi leo?"

"Elfu moja mia nane na arobaini."

"Na jana?"

"Elfu mbili na kumi na tano."

"Limeshuka. Kunywa maji, mdogo wangu. Sikulitoa mwilini mwangu lije kukaa na kiu kwako."

Kisha simu ikakatwa. Dada huyo, Mwalimu Mkuu wa shule, hakuwa mtu wa kupoteza muda kwa maswali ya umelalaje na umekula nini.

Tusimpunje haki yake. Miezi minane nyuma alikwenda kwenye chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, akatolewa figo la kushoto, likapewa mdogo wake, kitindamimba wa familia, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisafishwa damu kwa mashine siku tatu kila wiki. Si watu wengi wangefanya hivyo. Kaka zao wawili, wanaume wenye vifua vyao, waliposikia habari za kupimwa walipata safari za ghafla. Lakini Mwalimu Mkuu alilitoa figo lile kama mtu anavyomwazima jirani sufuria yake nzuri: kila mara anapita kuchungulia kama haijaungua.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Sokoni walimwita Bwana Mizani, na alipotokeza kwenye kona na kisanduku chake cha mawe ya shaba, wauza sukari walikumbuka ghafla kupangusa mizani zao. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwanasa watu wanaopunja wenzao. Nyumbani alikuwa na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita na daftari la kurasa themanini, kwa sababu hospitali ilimwagiza apime mkojo wake wote wa kila siku na kuuandika. Mwalimu Mkuu aliposikia neno daftari alichangamka kuliko siku aliyoambiwa kwamba upasuaji umefaulu.

Kila Jumamosi alikuja kusahihisha. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, ambacho tangu upasuaji kilikuwa chake hata asipokuwepo, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. "Vizuri," aliandika pembeni. "Vizuri sana." Wiki moja mkojo ulipopungua kidogo aliandika, "Unaweza zaidi." Safari moja aliandika "Mwandiko!" na kupiga mistari miwili chini yake. Watoto wa nyumba ile walimwita Shangazi Figo, kwa sauti ya chini sana.

 

Kisha ikaja wiki ambayo jagi lilianza kukaidi.

Jumatatu lilionyesha elfu moja na mia mbili. Bwana Mizani aliandika hivyo hivyo, kwa uaminifu wote, na jioni akasema hivyo hivyo simuni. Kesho yake asubuhi Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, shule kamwachia msaidizi wake.

Mke wa Bwana Mizani alikuwa msusi, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa saluni yake: kioo kimoja, viti viwili vya plastiki na ndoo ya kuoshea nywele. Asubuhi ile alikuwa na mteja ambaye nywele za nusu ya kichwa zilikwisha kusukwa na za nusu nyingine zimesimama wima. Mbele ya mteja huyo, ambaye sasa hakuwa na haraka tena ya kumalizwa, Mwalimu Mkuu alimsimamisha mdogo wake.

"Umelifanyia nini?"

"Sijalifanyia kitu, dada."

"Kwangu limekaa miaka arobaini na sita, halijagoma hata siku moja. Limekuja kwako miezi minane tu, limeanza uvivu. Uvivu huu limejifunzia wapi?"

"Labda ni joto."

"Kwangu joto halikuwepo?" Akamgeukia mteja. "Mama, hebu nikuulize wewe. Umempa mtu kitu chako kizima, yeye anakiharibu. Utamwelewa?"

Mteja alisema hata yeye asingemwelewa.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku."

"Toa ulimi."

Bwana Mizani, mwenye miaka thelathini na tisa, mtumishi wa serikali, mwenye muhuri wa kufunga duka la mtu, alitoa ulimi. Sijui dada yake alitarajia kuona nini huko. Aliutazama kwa makini, akasema aurudishe, kisha akatoa somo la saa nzima na nusu juu ya shukrani. Mteja alisukwa taratibu mno asubuhi ile.

Kuanzia siku hiyo Bwana Mizani alianza kuongeza.

Na alikuwa na utaalamu wake. Kazini ndiye aliyekuwa akiwafundisha wakaguzi wapya namna ya kumtambua muuzaji mwenye daftari la uongo: vipimo vyake vyote huishia kwenye mia kamili, siku zote zinafanana, na hana siku mbaya hata moja. Kwa hiyo jagi liliposema mia tisa, yeye aliandika 1,735. Liliposema mia nane, aliandika 1,960. Siku ya nne alishusha kidogo kwa makusudi, akaandika pembeni, "Nilitoka jasho jingi." Ilikuwa kazi safi, hakuna mkaguzi ambaye angeishika. Jumamosi Mwalimu Mkuu aliandika, "Vizuri sana! Endelea hivyo hivyo!"

Naye akaendelea hivyo hivyo. Maumivu hakuyasikia, maana figo la kupandikizwa hukatwa mishipa ya fahamu linapohamishwa. Likijaa, likivimba, likitaka kupasuka, mwenyewe halimtumii hata salamu. Figo lile lilikuwa na msemaji mmoja tu duniani, Mwalimu Mkuu, naye ndiye aliyekuwa akidanganywa. Miguu tu ndiyo iliyosema kweli. Ilivimba mpaka viatu vikakataa, na mkaguzi akawa anakwenda kazini na kandambili.

 

"Baba watoto," alisema mkewe, "jagi lina mia sita. Nimeliona kabla hujamwaga."

"Asubuhi nilimwaga mara mbili."

"Hukumwaga mara mbili. Nyumba hii ina choo kimoja na mlango wake unalia."

Bwana Mizani alijifanya anatafuta kalamu.

"Mwambie wifi."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie mimi kwani figo ni langu?"

"Hata mimi si langu," alisema Bwana Mizani, na wote wawili wakacheka.

"Unaogopa nini hasa? Atakupiga?"

"Atakuja."

Mkewe alilisuuza jagi, akaligeuza likauke. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi akiwa na kitana mkononi, lakini kwa habari za figo lile alijifunza kunyamaza mapema, kwa sababu siku ya kwanza tu baada ya upasuaji alitoa wazo kuhusu chumvi na wifi yake akamuuliza amesomea wapi.

"Alhamisi ni kliniki," alisema. "Damu haina daftari. Itasema yenyewe."

 

Damu ilisema. Daktari wa figo, kijana mpole ambaye koti lake jeupe lilimzidi mabega, alitazama karatasi ya majibu, akamtazama mgonjwa, akaitazama tena karatasi.

"Uchafu kwenye damu umepanda mara mbili na zaidi," alisema. "Figo halisafishi inavyotakiwa. Nipe daftari."

Mwalimu Mkuu, aliyemsindikiza mdogo wake, ndiye aliyelitoa, kwenye mkoba wake, akalifungua kwenye ukurasa wa wiki ile. Daktari alipitisha kidole.

"Elfu moja mia tisa na sitini. Elfu moja mia nane na kumi na tano. Mkojo unatoka vizuri. Basi njia haijaziba. Ingekuwa imeziba, tungeona hapa umepungua."

"Nasahihisha mwenyewe kila Jumamosi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hongera, mama. Wagonjwa wangu wote wangekuwa na daftari kama hili, ningefanya kazi kwa raha."

Hapo ndipo mwanamume mwenye akili zake angefungua mdomo. Bwana Mizani aliufungua, akaufunga.

Daktari alieleza kwamba kwa kawaida angetaka picha ya figo kwanza, lakini mashine ya picha ya hospitali ile ilikuwa na karatasi mlangoni iliyoandikwa INATENGENEZWA, na karatasi yenyewe imekwisha kupauka. "Kama mkojo ungekuwa umepungua ningekutuma hospitali nyingine leo hii. Lakini kwa mkojo huu, nadhani mwili umeanza kulikataa figo. Tutakulaza, tukutie dawa kali siku tatu."

"Kulikataa?" Mwalimu Mkuu alisimama. "Figo langu? Wewe unalikataa kama nani?"

"Mama, si yeye. Ni mwili."

"Mwili wa nani?"

Daktari alianza kujaza fomu ya kulazwa.

Akalazwa. Dawa ya dripu iliingia mkononi siku tatu, dawa nzito ya kuushusha ulinzi wa mwili, na kila ilichoweza kumfanyia ilimfanyia: ilimvimbisha uso, ikampandisha sukari, ikamtetemesha mikono. Kitu kimoja tu haikukifanya, nacho ni kumponya, kwa sababu ilikuwa ikitibu ugonjwa asiokuwa nao. Muuguzi alimuuliza kama anapata mkojo, naye, kwa kuwa dada yake alikaa pembeni na daftari magotini, alisema anapata. Mtu mzima, baba wa watoto, anazama mbele ya watu wenye kamba mkononi, na akiulizwa anasema anaogelea. Ujinga wa namna hiyo unatia hasira, na mimi sitaufunika.

 

Siku ya nne alipata homa, na daktari hakungoja tena. Alimpakia kwenye gari la wagonjwa hadi hospitali ya upande wa pili wa mji, na alasiri wakarudi na picha. Daktari aliibandika kwenye kioo chenye taa. Chumbani walikuwa wanne: daktari, mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, mkewe na Mwalimu Mkuu.

"Hili hapa ni figo. Hapa pote peusi ni mkojo uliokosa pa kutokea. Kuna mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Umesinyaa, hapa chini. Figo limekuwa likijaa kidogo kidogo, labda wiki tatu sasa." Akalichukua daftari mezani, akalifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. "Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Mkojo huu wote ulioandikwa humu, ulipita wapi?"

Mkewe alimkanyaga mguu uliovimba.

"Sema wewe, au niseme mimi."

Miaka yote ya kazi Bwana Mizani alikuwa amesikia kila kisingizio cha mtu aliyebanwa. Mizani imezeeka. Mpimaji wa leo ni mgeni. Upepo umesukuma sahani. Sasa alijikuta anachagua humo humo.

"Lile jagi," alisema, "mistari yake imefifia."

"Imefifia kiasi gani?"

"Kiasi cha lita moja."

Daktari aliliweka daftari mezani polepole. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Nimekutia dawa kali siku tatu kwa sababu ya namba hizi. Figo liko hatarini. Tukichelewa zaidi, unarudi kwenye mashine. Unanielewa? Siku tatu kila wiki, kama zamani."

"Nakuelewa, daktari."

"Ulikuwa unamdanganya nani? Mimi?"

Bwana Mizani alimtazama dada yake. Macho yalikuwa yamemtoka pima Mwalimu Mkuu, na kalamu nyekundu alikuwa ameishika kama mtu aliyesahau kwa nini ameishika.

"Dada," alisema, "figo ulinipa. Ruhusa ya kuugua hukunipa."

"Mimi ndiye niliyekwambia uandike uongo?"

"Hukuniambia. Nilikuwa nakuogopa. Mashine naiogopa. Kufa naogopa pia. Lakini mashine haiji nyumbani ikaniambia nitoe ulimi mbele ya wateja wa mke wangu."

"Nimekupa kiungo cha mwili wangu!"

"Najua. Unanikumbusha kila siku saa kumi na mbili na nusu."

Mwalimu Mkuu alimgeukia daktari.

"Nirudishiwe."

"Unasemaje, mama?"

"Figo langu. Nirudishiwe. Hastahili."

"Mama," alisema daktari kwa upole, "hatuna utaratibu huo."

Mwalimu Mkuu aliokota mkoba wake, akatoka. Jioni ile simu haikulia, wala kesho yake. Watoto, ambao kwa miezi minane waliomba hivyo, walianza kuitazama.

 

Siku ile ile ya picha walimtoboa chini ya tumbo, upande wa kulia, ambapo figo lilipandikizwa, wakapitisha mrija mwembamba hadi ndani na kuuunganisha na mfuko wa plastiki. Mfuko ulijaa kabla muuguzi hajamaliza kuandika jina. Baada ya siku tano uchafu wa damu ulikuwa umeshuka, miguu imerudi kuwa miguu, na Bwana Mizani akaruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wake umefungwa pajani ndani ya suruali.

Kisha walijaribu njia rahisi. Walipitisha puto dogo kwenye mrija uliosinyaa, wakalijaza ili kuutanua, wakaacha ndani mrija mwingine laini wa kuushikilia usijifunge. Ule wa nje waliufunga tu, hawakuuondoa. "Wiki sita," walisema. Bwana Mizani alirudi kazini nusu siku, na wakati wote huo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa mtu anayeombewa. Mrija wa ndani ulipotolewa, njia ilijifunga tena ndani ya siku kumi, na akafungiwa mfuko upya.

Na mfuko ni mfuko. Siku aliyokwenda sokoni kumkabidhi mwenzake kisanduku cha mawe, kifuniko cha mfuko kililegea, na doa likashuka taratibu kwenye suruali ya kaki, mbele ya duka la muuza sukari ambaye yeye mwenyewe alimtoza faini mwaka uliopita kwa gramu arobaini. Muuza sukari alilitazama doa mpaka lilipofika gotini.

"Bwana Mizani," alisema kwa heshima zote, "na hiyo imepimwa?"

Soko zima lilicheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo, maana hakujua afanye nini kingine, kisha alitembea hadi nyumbani akiwa amejifunga koti kiunoni. Mkewe alimvua viatu bila kuuliza, akamwosha miguu kwenye ndoo ya wateja. Hapo ndipo Bwana Mizani alipolia.

 

Aliyewaita safari hii alikuwa daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya kuamuru ambaye alichora huku akizungumza. Walipokuwa wamekaa, mlango ulifunguliwa na Mwalimu Mkuu akaingia. Hakuna aliyemwita. Ilionekana alikuwa akipiga simu kliniki kimya kimya wiki zote hizo kuulizia tarehe. Aliketi nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo hakuwahi kuketi maishani mwake.

"Puto limeshindwa," alisema daktari wa upasuaji. "Sehemu iliyosinyaa ni ndefu, haina damu ya kutosha, haitapona. Nitaikata niitupe. Lakini nikiikata, mrija haufiki tena kwenye kibofu. Kwa hiyo nitatumia mrija wako wa asili."

"Wangu?" alisema Bwana Mizani.

"Mafigo yako ya zamani bado yapo mgongoni, hatukuyatoa. Yamekufa, lakini mrija wa lile la kulia ni mzima. Nitauvuta, niuunganishe na figo hili."

Kutoka nyuma ilisikika sauti. "Samahani, daktari. Mrija ulioharibika ni upi?"

"Huu hapa. Ule uliokuja na figo."

"Wangu."

"Ulikuwa wako, ndiyo. Si kosa lako. Mara nyingine ncha yake inakosa damu."

"Na mzima ni wake."

"Mzima ni wake. Karibu miaka mitatu haujafanya kazi, lakini hauna kasoro."

Mwalimu Mkuu aliitazama michoro ile kwa muda mrefu, kama mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi ambayo hakuitarajia. Kisha akainuka, akasogea mezani, akachukua kalamu.

"Fomu iko wapi? Nasaini wapi?"

"Wewe ni nani?"

"Mwenye figo."

Daktari wa upasuaji alimchukulia kalamu mkononi, bila ukali, akampa Bwana Mizani.

"Mwenye figo ni huyu," alisema. "Wewe ulikuwa nalo."

 

Upasuaji ulichukua saa tano. Siku ya nne asubuhi, daktari kijana alikuja kitandani na habari mbili. Njia mpya ilikuwa ikipitisha vizuri. Kungebaki mrija laini ndani kwa wiki kadhaa, kisha ungetolewa. Hiyo ilikuwa habari njema. Ya pili ilikuwa kwamba figo lilikaa limejaa muda mrefu mno. Lilikuwa limepoteza kama theluthi ya nguvu zake, na zilizopotea hazirudi.

"Litanifikisha?" aliuliza Bwana Mizani.

"Litakufikisha. Sijui wapi. Lingefika mbali zaidi."

Saa ya kutazama wagonjwa Mwalimu Mkuu alikuja na chupa ya chai, akasimama miguuni pa kitanda. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na vyote vilikuwa na watu.

"Wanasemaje?"

Bwana Mizani aliusikia uongo ukipanda kooni, mzuri, umekamilika, haukuishia kwenye mia. Mkewe, aliyekuwa akimpaka mafuta mikononi, aliacha kupaka.

"Linafanya kazi, dada. Lakini limepungua. Theluthi nzima imekwenda. Ni zile wiki nilizokuwa nadanganya."

"Theluthi," alisema Mwalimu Mkuu.

Alitafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Ndugu yake alingoja hotuba. Haikuja. Alishika tu chupa ya chai kwa mikono miwili, na mtu yeyote aliyekuwa pale aliona kwamba ameumia, na kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa na wa kumsahihisha.

Muuguzi wa kliniki alipita na faili, akamtazama mara mbili, akarudi nyuma.

"Samahani, wewe si ndiye mtoaji? Mwalimu Mkuu?"

"Ndiye mimi."

"Tumekutafuta mpaka tumechoka! Wiki ya sita ulikuja. Miezi sita ilipotimia hukuja. Tumekupa tarehe nyingine, hukuja. Nimepiga simu shuleni mara nne, naambiwa yuko mkutanoni."

"Nilikuwa mkutanoni."

"Mara zote nne?"

Muuguzi, ambaye hakuwa na mpango wa kumpoteza tena, alivuta kipimo cha presha kutoka kitanda cha jirani, akamfunga mkononi pale pale. Akapima. Akatazama. Akapima tena.

"Mia moja na themanini, kwa mia moja na sita. Mama, una figo moja. Presha hii italila. Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma."

"Tangu lini?"

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu. "Mwezi wa tano tangu upasuaji. Nilipimwa na mfamasia karibu na shule. Akaniambia nije."

"Kwa hiyo ulijua. Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani?" Sauti ilimtoka ndogo, sauti ambayo ndugu yake hakuwahi kuisikia. "Katika ukoo wetu, mimi ndiye mzima."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa. Bwana Mizani alikuwa na haki zote za kucheka. Miezi mingi alikuwa ameililia nafasi kama hii. Akaitafuta ile raha, hakuiona. Alichoona ni mwanamke mwenye mvi, amekunja mkono wa blauzi, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mtu mwingine kwa sababu hakuna kitanda chake.

"Chukua hiki," alisema muuguzi, akimpa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. "Choo ni mlango wa pili kushoto. Jaza mpaka kwenye mstari."

Mwalimu Mkuu alikipokea. Mbele ya vitanda kumi na viwili alisimama nacho mkononi, hajui akifiche wapi. Msusi alipangusa mikono yake kwenye kanga, akainuka.

"Lete mkoba, wifi," alisema. "Twende, nitakushikia mlango."

Walikwenda. Walikawia. Bwana Mizani alisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, kisha viatu vya dada yake vikirudi taratibu kwenye sakafu, hatua ndogo ndogo, kama za mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Alishika kidonda chake kwa mkono mmoja, akajigeuza kwa taabu mpaka akaelekea ukutani, na akafumba macho hadi walipopita.